Nguzo Niliyoiahidi Katikati ya Mto

Nilitoka Kasongo kwa sababu ya mdomo wangu. Mimi ni fundi mwashi, na katika mkutano wa mtaa nilisimama mbele ya watu wa msikiti na watu wa parokia nikaahidi daraja la saruji juu ya Kalombe, lenye nguzo katikati, ambalo hata lori la mizigo lingepita. Kalombe ni mto wetu, nyuma ya mtaa. Ng'ambo yake kuna mashamba ya mpunga na familia za wakulima, na watoto wao husoma upande wetu. Mvua zilizopita mtumbwi ulipinduka nao katikati ya maji. Wote waliokolewa, alhamdulillahi, lakini tangu siku ile mto ukijaa wazazi huwazuia nyumbani. Saruji tuliyochangishana ilitosha kujenga mara moja tu. Tukikosea hatuna nyingine, na mvua zilikuwa karibu.

Watu walipiga makofi, isipokuwa Mama Feza, mkulima wa ng'ambo. Wajukuu wake wawili walikuwa ndani ya mtumbwi ule.

"Papa Ramazani," alisema, "mbele ya kujenga, twende kwanza tuone vilalo ya wengine."

Kilalo ndilo jina la daraja kwetu. Mkutano ukakubali, ukatutuma sisi wawili. Nilikasirika sana. Fundi wa umri wangu nikafundishwe daraja na mtu wa jembe!

Jumatatu, alfajiri, tulipanda pikipiki moja watu watatu: Asani, motari wetu aliyeiendesha, mbele, mimi katikati, Mama Feza nyuma. Mfuko wa mchele wa kuwapa wenyeji tuliuweka kati yangu naye, kwa heshima, na kila shimo la barabara lilinipiga na mfuko huo mgongoni. Yeye aliimba nyimbo za kanisa mpaka jua likatoka.

Saa nne hivi tulifika kijito ambacho daraja lake ni magogo manne yaliyolazwa toka ukingo hadi ukingo. Lori lilikuwa linavuka. Wasaidizi wa dereva walishusha mbao nene walizobeba, wakazitandika chini ya magurudumu, na lori lilipopita wakazikusanya tena wakaondoka nazo. Nusu ya daraja inasafiri na lori. Mama Feza alimuuliza dereva kama magogo yanadumu.

"Inadumu kama muti inadumu, Mama," alijibu. "Ikioza, watu wa hapa wanakata mingine. Muti iko karibu, na muto iko kidogo."

Nilitema mate pembeni nikasema hiyo ni kazi ya kukata kuni, si ujenzi. Lakini moyoni niliona akili ya daraja lile: ni rahisi, linabeba uzito mkubwa, ilimradi gogo moja lifike ng'ambo. Kwetu hakuna gogo la kufikia upana wa Kalombe.

Saa nane tulikaribia Lusangi, na hapo roho yangu ilifurahi. Niliona daraja la saruji lenye nguzo imara katikati, kingo zake zimepigwa lipu laini. Nilimwambia Asani asimame. Nilishuka nikalipapasa kama mtu anayenunua mbuzi. "Mama Feza, njoo uone kazi ya mafundi!"

Alikuja, akatazama chini. Kisha akauliza, "Na muto iko wapi?"

Chini ya daraja palikuwa na nyasi na mahindi ya mtu. Mto ulikuwa unapita hatua thelathini mbele, na watu walikuwa wanauvuka kwa miguu, suruali zimekunjwa. Mwenye mahindi, Papa Amuri, alitukaribisha kwake kwa bukari, ndiyo ugali, na sombe ya majani ya muhogo, nikamweleza kwamba tunataka kujenga la namna hiyo, nikamuuliza ilikuwaje. Alituambia kwamba mvua za kwanza zilileta miti mizima. Ilinasa kwenye nguzo, mingine ikanasa juu yake, maji yakakosa njia, yakala udongo wa ukingo mpaka yakajichimbia njia mpya. Daraja halikupasuka hata kidogo. Lilibaki lenyewe, zima, bila mto.

"Na kule kwenu," aliniuliza, "muto mulipima wakati gani?"

"Mwezi wa saba. Nilifunga kamba toka mai inaanza mpaka mai inaisha."

Alicheka mpaka akaweka chini tonge. "Papa, ulipima muto wakati inalala!" Akanipeleka kando ya maji akanionyesha juu. Kwenye matawi, juu ya kichwa changu, kulikuwa na nyasi kavu na matambara yaliyokwama. Maji yalifika pale. Nilisimama nikiwa nimeinua shingo, na njaa yote ikaniisha. Nguzo ile ilikuwa ndiyo nguzo yangu. Udongo ule wa kichanga ulikuwa ndio wa kwetu. Niliwaona watoto wa ng'ambo juu ya daraja langu, na miti ikija.

Siku ya pili, upande wa Kabambare, tulifika kwenye daraja la kuning'inia. Kamba mbili za chuma zilibeba mbao za kukanyagia, na kuta zake zilisukwa kwa kamba za msituni. Mlinzi wake, Papa Kitenge, alituambia kwamba kila ukoo una kipande chake cha kusuka upya kabla ya mvua. Ukoo wenye msiba husukiwa na jirani. Kazi ikiisha, wasukaji ndio wanaovuka kwanza, wakiwa na mizigo kichwani.

"Hapo hakuna mutu anafunga vibaya," alisema.

Mama Feza alivuka akicheza. Mimi nilivuka nikisoma kila dua niliyoijua. Lakini katikati nilitazama chini nikaona maji yanapita huru, hakuna cha kunasa mti. Nilipofika ng'ambo nilipiga magoti kuona kamba zimeshikwa na nini. Upande mmoja zilizunguka mti mkubwa. Upande mwingine ziliingia ndani ya tofali kubwa la mawe na saruji lililozikwa ardhini.

"Kwetu ukingoni hakuna muti mukubwa wa kushika kamba," nilimwambia Papa Kitenge.

"Basi jenga hii pande zote mbili, mbali na mai. Kamba ya chuma iko Salamabila. Wachuruzi wa kule, wenye maduka, wanatafuta simenti sana; mutabadilishana na ile itabaki."

Nilipima lile tofali kwa viganja, nikauliza kina chake, nikaandika. Saa nzima sikumtania mtu.

Alhamisi tulirudi Kasongo, na njiani niliongea mimi. Nilimwuliza Mama Feza maji ya mwaka jana yalifika mti gani. Aliujua, na wa mwaka juzi pia. Nilikuwa nimeishi kando ya Kalombe maisha yangu yote bila kumwuliza mtu anayeutazama kila siku. Hilo ndilo nililojifunza kabla ya mengine yote: fundi huuliza kwanza mto unafika wapi ukikasirika, unabeba nini, ukingo ni wa nini, nani atapita na nani atatengeneza. Saruji huja baadaye.

Ijumaa baada ya sala mkutano ulijaa. Nilisimama nikasema, "Nilikosea." Nikaeleza nguzo ile itafanya nini, kisha nikaeleza daraja la kamba za chuma, refu kutoka kilima cha kwetu hadi cha ng'ambo, mashimo mawili ya kuchimba na kuzika tofali za kulishika, na jinsi koo za pande zote mbili zitakavyolitengeneza kila mwaka. Mama Feza angeweza kunicheka. Alitazama mikono yake tu.

Mchuuzi mmoja wa mchele aliinuka. "Kwa hiyo gari haitapita?"

"Haitapita. Miguu, kinga, ni kusema baiskeli, na pikipiki ya kusukuma."

Watu walinung'unika. Wengi walikuwa wameshaliona lori akilini mwao, kwa sababu mimi ndiye niliyewaonyesha. Niliona aibu. Ndipo mama mmoja wa ng'ambo, aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni, akauliza bila kusimama:

"Na mutoto wangu, wakati ya mvua, atapita?"

"Atapita."

"Basi chimbeni."