Mshona Kola na Bonge la Damu

Saa nne kamili asubuhi. Katika ukumbi wenye cherehani arobaini zinazovuma kwa pamoja, moja inanyamaza. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili anasukuma kiti nyuma, anakunywa maji, anatembea hadi mlangoni na kurudi. Kola za sare za shule zinarundikana mezani pake. Msimamizi anamkodolea macho. Yeye anamchekea.

"Nimeshamzoea," anasema. "Ananuna, nami natembea."

Wenzake humwita Mama Kola, maana kwa miaka kumi na tisa hajashona kingine. Kola mia tatu kwa siku. Katika mstari huu kila mmoja hushona kipande chake na kumpa wa pembeni; ukinyanyuka, mwenzako anakaa bure na lawama ni zako. Ndiyo maana wengi wao asubuhi hawanywi maji, wasije wakahitaji kwenda chooni.

Miaka miwili iliyopita, wiki chache kabla ya shule kufunguliwa, dada yake aliyemlea alifariki. Walimzika Jumapili. Jumatatu Mama Kola alikuwa kwenye cherehani.

"Nyumbani ningekaa nifanye nini? Nilipiga moyo konde. Lakini usingizi sipati, chakula hakipiti, moyo unaenda mbio kama nafukuzwa."

Wiki ya tatu, shavu la mguu wa kulia likavimba na kuwa la moto. Hapo akafanya kosa ambalo mshonaji tu angelifanya: alidhani ni uchovu wa kukanyaga pedali, akauhamishia kazi mguu wa kushoto.

"Nilijiona mjanja kweli," anasema, na tabasamu linamtoka. "Nikashona hivyo siku nne."

Siku ya tano, kwenye ngazi, kifua kilimbana, pumzi ikakata, akaanguka. Bonge la damu iliyoganda mguuni lilikuwa limesafiri hadi kwenye pafu. Alilazwa siku kumi na moja. Aliponea chupuchupu.

Daktari aliyemtibu anaeleza bila haraka. Mtu akiwa na hofu au majonzi, anasema, mwili hujiandaa kana kwamba unakaribia kujeruhiwa, na damu huganda kwa urahisi zaidi.

"Hiyo ni kinga. Ila jeraha lenyewe halipo. Na huyu mama alikuwa anakaa saa kumi bila kusogea, bila maji. Siwezi kusema ni kipi hasa kilichomwangusha, lakini majonzi nayo yalichangia."

Mama Kola ana namna yake ya kulisema jambo hilo: "Kumbe muda wote nilikuwa nalia, ila sikujua nalilia wapi."

Sasa anameza dawa ya kuzuia damu isigande. Sindano ikimchoma kidole, damu huchelewa kukatika, kwa hiyo mfukoni hakosi pamba. Kila saa anasimama. Anachokitaka ni kengele, ili wote arobaini wanyanyuke pamoja dakika tano, asiwepo wa kumchelewesha mwenzake. Ameomba mara tatu. Jibu ni lile lile: tutaona.

Tukiwa katikati ya mazungumzo, macho yake yananiacha. Mbele yetu yupo binti anayeshona mikono ya mashati, ambaye mama yake yu mahututi wiki ya pili sasa. Binti anatoa mguu wa kulia kwenye pedali, anausugua, kisha anaweka wa kushoto.

Mama Kola anasimama, anazima cherehani yake, anakwenda kuizima na ya binti.

"Inuka, mwanangu. Twende hospitali."

"Ni uchovu tu, mama. Na msimamizi..."

"Mwache anune."

Msimamizi anakuja mbio, akiuliza nani kawaruhusu. Binti anachechemea, amemwegemea Mama Kola begani. Nyuma yao mstari umeishiwa vipande, na cherehani zinanyamaza moja baada ya nyingine.

"Waambie wasimame, wanyooshe miguu," Mama Kola anamwambia msimamizi akiwa mlangoni. "Nikirudi tutazungumza habari ya ile kengele."