Boksi la Kupima Pumzi ya Injini

Ndugu yangu mkubwa alianza kupoteza uwezo wa kusikia mapema kuliko sisi tulivyokuwa tayari kukubali. Tulifanya kazi pamoja katika gereji ya mabati, karibu na soko la Gakoromone mjini Meru: yeye upande wa injini, mimi upande wa kuchomelea vyuma. Alikuwa ametumia grinda, ile mashine ya kukatia na kusugulia vyuma, miaka mingi bila kuziba masikio. Mteja akimwita kutoka nyuma, hageuki. Wengine walidhani anawadharau.

Kazi iliyomjengea jina ilikuwa ya silinda hedi, kile kipande cha juu cha injini ambacho hewa hupitia kwenye valvu, vile vifuniko vinavyofunguka na kufunga, ikiingia ndani. Alijua kuzisugua zile njia za hewa mpaka zikalainika, injini ikapata nguvu ya kupanda milima yetu. Akishafunga kila kitu, aliinama juu ya injini inayonguruma, akasikiliza, kisha akasema, "Ya tatu haipumui vizuri," akafungua tena. Sikio hilo ndilo alilokuwa amepoteza.

Mama mmoja wa Ishiara, aliyekuwa akileta maembe na ndengu Meru kwa pikapu, alirudi kwetu mara ya pili na shida ileile, ingawa ndugu yangu alikuwa ameshaisugua hedi yake. Akanivuta kando.

"Dada, hii gari bado inachoka mlimani. Na nikimwambia fundi, ananiangalia mdomo tu. Kwani ni mgonjwa?"

Ndugu yangu alikuwa amesimama ng'ambo ya pikapu. Hakusikia, lakini aliona jinsi nilivyovutwa mkono. Jioni tulipokuwa tukifunga, alinawa mikono muda mrefu, kisha akasema kwa Kimbeere, lugha ya kwetu, kwa ile sauti iliyokuwa ikizidi kuwa kubwa, kwamba atarudi nyumbani kuchunga mbuzi.

Nilimshika bega ili anitazame. "Mbuzi ulizikimbia tangu utotoni. Leo ndio utazipenda?"

"Mbuzi haziniulizi kitu," akajibu.

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimewahi kuona kwenye simu watu wakipima hewa inayopita kwenye silinda hedi kabla ya kuirudisha kwenye gari. Mashine zao zilikuwa za kiwandani, ziking'aa, lakini wazo lenyewe lilikuwa rahisi. Unavuta hewa kutoka kwenye boksi lililofungwa kabisa. Juu ya boksi kuna tundu, na juu ya tundu unaweka silinda hedi, ili hewa yote ipitie humo. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani unatoka kwenye boksi, na ncha yake inazama kwenye maji. Njia ikibana, boksi linavuta maji juu kwa nguvu. Njia ikiwa wazi, maji yanapanda kidogo tu.

Mke wa ndugu yangu alinipa mashine yao ya kufyonza vumbi bila kuuliza maswali. Aliponikabidhi aliniambia, "Kama itamfanya abaki na kazi yake, kaa nayo." Nilikata plaiwudi, nikaigonga misumari, nikaziba pembe kwa silikoni, nikafunga mpira kando ya rula na kutia maji rangi nyekundu. Ndugu yangu alinipita kwenda na kurudi akijifanya hanioni.

Siku ya kujaribu, nilifunika tundu la juu kwa bamba la chuma. Maji yalipaswa kuruka juu. Yalitikisika tu, yakatulia palepale. Nikaongeza silikoni, nikajaribu tena, ikawa vilevile. Hewa ilikuwa ikiingia mahali fulani, lakini mashine yenyewe ilipiga kelele hata mimi mwenye masikio nisisikie inapoingilia. Niliizima, nikaketi kwenye tairi kuukuu, machozi yakinilenga.

Ndugu yangu akaja. Aliwasha dawa ya mbu, ile ya kuchoma, akaniashiria niwashe mashine. Akaupitisha moshi polepole kando ya kila pembe. Kwenye pembe ya chini, moshi ulipinda ghafla ukaingia ndani ya mbao.

"Hapa!" akapaza sauti. "Na hapa! Wewe unachomelea chuma vizuri, lakini mbao huzijui."

Nilicheka mpaka nikashindwa kushika ile bunduki ya kukamulia silikoni. Akaichukua mwenyewe.

Tulipotoa hedi ya ile pikapu na kuiweka juu ya boksi, mama wa Ishiara alikuwepo, amekaa juu ya gunia. Tulipima njia za kuingiza hewa moja moja, valvu tukizisukuma kwa boliti ili zifunguke sawasawa. Tatu za kwanza zilipandisha maji mpaka alama ileile. Ya nne ikayapandisha juu zaidi, upana wa vidole viwili hivi. Tulirudia, ikawa hivyohivyo.

Ndugu yangu aliingiza kidole, akakizungusha. "Kuna ukingo hapa chini, pale valvu inapokalia. Niliuacha mimi." Alisema bila aibu, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Akausugua, akapima, akasugua tena kidogo, mpaka rangi nyekundu ikasimama sawa na zile nyingine.

Kisha akamgeukia yule mama. Nilijua anachotaka kusema kabla hajakisema, kwa sababu alivuta pumzi ndefu.

"Mama, mimi sisikii vizuri. Ukiniongelesha, simama hapa mbele yangu."

Yule mama aliinuka kutoka kwenye gunia, akaja akasimama mbele yake kabisa. "Sawa, baba," akasema polepole. "Mimi nilidhani umenikasirikia."

"Hapana. Hata sikujua unasema nini."

Wakacheka wote wawili.

Pikapu ilipanda mlima siku iliyofuata ikiwa na mzigo, na yule mama akatupigia simu akiwa juu kutuambia haikuchoka. Nilimwekea ndugu yangu simu karibu na sikio akatikisa kichwa kwamba hasikii, basi nikamrudia maneno yale polepole, yeye akinitazama midomo. Baadaye alikubali kwenda kupimwa masikio. Aliambiwa yaliyopotea hayarudi, ila yaliyobaki yanaweza kulindwa. Sasa hashiki grinda bila kuvaa vizibo, na mtu yeyote anayekuja gereji kufanya kazi humvalisha kwa mkono wake mwenyewe.