Ute wa Yai Anaokaanga Mke Wangu

Mimi ni muuguzi. Nilihamishwa kutoka Kongolo kuja Kalemie, naishi peke yangu. Kwenye somo la lishe niliwaambia akina mama kwamba ute wa yai hujenga mwili na hauna mafuta, basi waukaange kwa mafuta ya mawese kidogo sana. Wakacheka: mwanaume anajua nini jikoni?

Nikajitetea, "Njo vile bibi yangu anakaangaka."

Huyo mke sina. Lakini kila juma nilimwongezea sifa, hata nikaanza kuharakisha kurudi nyumbani.

Jumapili, baada ya misa, akina mama wale walikuja na mayai kumsalimia mke wangu. Walinikuta nimechuchumaa, nakula ute unaoogelea kwenye mawese, ndani ya sufuria. Mmoja wao, Mama Feza, alitafuta sahani ya mke wangu kwa macho.

"Papa," akasema polepole, "kumbe mama ya hii nyumba njo wewe?"