Alama za Mkaa Ukutani

Ngo! Ngo! Hata leo, nikisikia kidole kikigonga kitu kitupu, siwezi kutulia nilipokaa. Ndivyo Bibi Lusia alivyotangaza kuwasili kwake kijijini kwetu, karibu na Nanyamba: alivigonga vyungu vyake kimoja kimoja ili mnunuzi asikie mwenyewe kwamba udongo ni mzima. Alitoka ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, kila mwaka mvua zilipokoma na mto ukapungua. Alinukia moshi na udongo mbichi. Alishinda uani kwetu akinitania, "Mke mwenzangu, umemmalizia tena mume wetu ugali?" Kila alipofunga mzigo alikumbusha kwamba vyungu hivyo ndivyo vilivyowalisha wajukuu wake. Nililijua hilo vizuri, na kwa sababu hiyo sijitetei.

Nilikuwa wa kwanza darasani, na sifa zilikuwa zimenilevya. Kwenye ukuta wa jiko nilichora kwa mkaa mstari mmoja siku aliyofika Bibi Lusia, na mwingine siku maua ya mikorosho yalipoanza kushika ubwiri unga, ule ugonjwa wa vumbi la kijivu unaoyakausha kabla hayajazaa. Kwa misimu mitatu mistari ile ilisimama jozi jozi, bega kwa bega. Alasiri moja baba na majirani walikaa wakilalamikia maua yaliyokauka, huku dawa ya salfa waliyopuliza alfajiri ikiwa bado inawanukia nguoni. Nikawaita jikoni, nikawaonyesha.

"Huyu ndiye anayesoma!" jirani mmoja alisema. "Sisi tunahangaika na salfa, kumbe ugonjwa tunaukaribisha wenyewe kwa chai!"

Mama alikuwa akimenya muhogo, wala hakuinua macho. "Na ukungu wa asubuhi je? Na baridi? Si vinafika siku hizo hizo? Mbona havikuchorwa?"

"Mama Zuhura, mwache mtoto aseme," baba alimkatiza.

Nami nikasema, tena kwa kirefu.

Kesho yake Bibi Lusia alipokuwa akienda nyumba ya jirani, baba na wenzake walimzuia njiani, nami nikiwepo, wakamwambia asikanyage tena kijijini. Mwanzoni alicheka. "Vyungu vyangu siku hizi vinakula maua?" Hakuna aliyecheka naye. Akauliza nani kasema, na watu wote wakanitazama mimi. Alitua mzigo, akachagua chungu kidogo, akakiweka miguuni pangu. "Chukua. Ila ukigonge mwenyewe, usiniamini mimi." Kisha akajitwika mzigo wake, karibu wote haujauzwa, akashika njia ya mtoni.

Mwaka uliofuata hakuna aliyegonga chungu uani. Ukungu ulishuka, baridi ikauma, na vumbi la kijivu likatanda mikoroshoni vilevile. Nilichora mstari, nao ukasimama peke yake. Nilielewa papo hapo. Baba alisema bibi yule sasa anatutumia ugonjwa kutoka ng'ambo, na majirani wakaafiki. Mimi niliyekuwa na ushahidi ukutani nilichukua kitambaa chenye maji nikaufuta.

"Umefuta nini?" mama aliuliza.

"Uchafu."

Siku hizi mkulima yeyote atakueleza kwamba ubwiri ni kuvu ya mimea inayopenda asubuhi za baridi na umande. Kukoma kwa mvua ndiko kulikomfungulia Bibi Lusia mto, na msimu huo huo ndio ulioleta baridi. Walifuatana njiani tu. Hakuna aliyemleta mwenzake. Elimu hiyo imeenea, lakini haraka yetu ya kumtafuta mkosaji haijapungua. Wiki iliyopita majirani watatu walinijia nyumbani kwangu mjini, mtaa wa Rahaleo, simu mkononi. Walisema tangu familia moja ngeni ihamie mtaani watoto wanaharisha, na mtaa mzima umekwisha kutumiana habari hiyo. Walitaka mimi, msomi wao, niwaandikie barua ili familia ile iondolewe.

"Si walihamia mvua zilipoanza?" niliuliza. "Na maji ya kisima, mnayachemsha?"

"Dada Zuhura, tumekuja kuandikiwa au kufanyiwa mtihani?"

Wakacheka, wakaondoka kumtafuta mwandishi mwingine. Nilizunguka sebuleni, nikakaa, nikainuka. Mwishowe nilikishusha rafuni chungu ambacho tangu utotoni sikuthubutu kukijaribu, nikakigonga. Ngo! Kizima, miaka yote hii. Nikavaa viatu, nikawafuata kabla hawajampata mwandishi.