Sahihi Mbili za Fundi

Sista wetu, muuguzi wa kliniki, hakuwa na mtu. Nasema hivyo mimi karani wa mapokezi, niliyefanya naye kazi miaka tisa mlango kwa mlango, na wala simsengenyi. Mume alishatangulia mbele ya haki, watoto hakujaliwa. Alibaki na jirani yake, fundi cherehani mstaafu, wakinywa chai barazani kila jioni na kutaniana.

"Gauni ulilonishonea mkono mmoja mrefu!"

"Mikono yako ndiyo haifanani, Sista."

Basi daktari wetu akaanzisha utafiti wa dawa mpya ya presha pale kliniki. Wagonjwa nusu wapewe dawa, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa, vinavyofanana nayo, na hata Sista asijue nani kapata nini. Kila mgonjwa alipaswa asomewe kurasa nne, kisha aulizwe kama anaridhia. Nani ana muda huo, foleni imefika nje! Tukawa tunaichomeka fomu ya ridhaa chini ya kadi. "Sahihi hapa, na hapa." Tulifanya hivyo wote wawili, tusitafute mchawi.

Fundi naye, mgonjwa wa presha wa siku nyingi, akatia sahihi mbili bila kuuliza, akaacha dawa yake ya zamani.

Mwezi wa tatu wa utafiti akaja kichwa kinamwanga, presha iko juu kupita kiasi. "Lakini vidonge vyako sijaruka hata kimoja, Sista. Nakuamini wewe."

Jamani, neno lile lilimchoma Sista. Nilimwona akiitoa fomu kwenye faili. Nikamvuta pembeni: "Dada, huyo ndiye mtu wako pekee. Ukimwambia, utampoteza."

"Najua," akasema. Akaenda kuvuta kiti, akamsomea kurasa zote nne, mpaka pale panaposema mgonjwa anaweza kujitoa wakati wowote na bado akatibiwa. Fundi akajitoa. Daktari akamrudishia dawa yake ya zamani, akanuna wiki nzima. Sisi tukawaita wagonjwa wote, mmoja mmoja, tukawasomea upya.

Presha ya fundi ikashuka, lakini barazani hakutokea tena. Siku ya nane Sista akamgongea mlango na birika mkononi. Aliniambia mwenyewe, macho chini.

"Ungenisomea siku ile ya kwanza," fundi alimwambia, "ningekubali. Kwa kuwa ni wewe, ningekubali."

Akafunga mlango taratibu. Siku hizi Sista chai anainywea ndani.