Mzigo Mwepesi wa Kwenda Bagamoyo

Jamani, nichekeni tu. Wenzangu wa karakana ya Gerezani walifungasha mablanketi na masufuria kwa safari yetu ya miguu hadi Bagamoyo. Mimi, bingwa wa mzigo mwepesi, nikaingia duka moja Kariakoo nikataka bafta nyeupe ya kujifunika, kafuri ya kufukuzia mbu na pamba ya malengelenge.

"Pole sana, bwana," akasema mwenye duka. "Urefu gani?"

"Kichwani mpaka miguuni. Nipime mimi hapa."

Akanipunguzia bei bila kuombwa. Nikapitia kwa muuza kahawa kujisifu kwa vitu nilivyonunua; habari zikanitangulia mtaani.

Nyumbani nikakuta mikeka imetandikwa, majirani wamejaa, mke wangu analia asijue anamlilia nani. Shehe akalipokea furushi.

"Sanda imefika, wachimbaji wametangulia. Tuambie, marehemu ni nani?"

"Ni mimi, shehe. Nakwenda Bagamoyo."