Redio Aliyelipwa Asijue

Jina lake la kuzaliwa lipo kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Tangu akiwa darasa la tatu watu walimwita Redio, na yeye aliitika. Mtaani kwao mtu akichumbiwa asubuhi, Redio alikuwa na habari kabla chai haijapoa. Hakuwa mbaya. Hakutia chumvi wala hakuchonganisha watu. Alichosikia ndicho alichosema, neno kwa neno, ila alikisema kwa kila mtu. Kwa kifupi, hakuwa na kifua. Mumewe, mtu wa maneno machache kwa sababu hakuwahi kuachiwa nafasi, alikuwa akinunua zawadi siku ileile ya kuitoa, maana ikilala nyumbani, mwenye kupewa ataambiwa hata rangi yake.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kutojua. Cheka tu, hata yeye alicheka.

Alikuwa msaidizi katika chumba cha mazoezi ya viungo hospitalini, na huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja. Waliovunjika nyonga aliwafundisha kupanda ngazi upya: aliwashika viuno, aliwakaripia, aliwapigia makofi. Ndipo akaja Injinia, kijana mwembamba kutoka karakana ya chuo, amebeba mguu ndani ya mfuko wa sokoni. Ulikuwa mguu wa bandia, wa kuvaliwa chini ya goti. Miguu iliyozoeleka hospitalini hapo vifundo vyake vilikuwa vigumu kama gogo; huu wa Injinia kifundo kilikunjika na kurudi. Mashine ya karakana ilikuwa imeukunja mara milioni mbili na haukuvunjika.

"Vizuri," alisema Daktari wa mifupa, mama mfupi asiyejua kupaka maneno mafuta. "Lakini mashine haipandi ngazi ikiwa na ndoo ya maji mkononi. Tuwape watu."

Wakatafutwa watu arobaini. Nusu wavae mguu wa zamani, nusu wavae mpya, kompyuta ipige kura nani avae upi, na kila mmoja afuatiliwe wiki kumi na mbili. Miguu yote ilivikwa soksi nene ileile, ikavishwa viatu, na juu yake suruali au gauni refu. Mvaaji angejua ana upi, kwa sababu ule mpya ulikuwa na kitasa kidogo cha kukaza. Muuguzi wa kuifunga angejua pia. Lakini mpimaji, yule mwenye saa ya kubonyeza mkononi, anayehesabu sekunde za mtu kutembea korido ya mita kumi na kupanda ngazi za ghorofani, huyo asijue kamwe.

"Kwa nini?" aliuliza Redio.

"Kwa sababu ukijua huyu amevaa mpya, utamtakia mema, na kidole chako kitawahi kubonyeza bila wewe kukituma. Sikutukani. Hata changu kingewahi."

"Na kwa nini mimi, Daktari? Si unanijua lakini?"

"Nakujua. Miaka kumi na moja umeniletea habari za hospitali nzima, na sijakuta ya uongo hata moja."

Redio alitoka mle ofisini anatembea kama bibi harusi.

Akaanza kazi, na kwa kweli aliifanya. Mgonjwa aliyefungua mdomo, "Unajua dada, huu mguu wangu wa..." alikatizwa na sauti ya kutikisa madirisha: "Tembea!" Dereva mmoja wa lori alijaribu kumwashiria kwa jicho, akageuziwa mgongo mpaka akaomba radhi. Wakapita watu thelathini na tisa namna hiyo. Wa arobaini alihama mji kabla hajafungwa mguu, na hapo mambo yakaingia mchanga.

Muda wa kuandikisha ulikuwa unakwisha. Bila ya watu arobaini hesabu isingesimama, na hesabu isiposimama karakana isingeruhusiwa kutengeneza miguu mingine, ilhali majina ya wanaosubiri yalikuwa yamejaza daftari zima. Aliyefaa kwa umri na kwa jeraha alipatikana mmoja tu. Alikuwa wifi yake Redio.

Huyu wifi, dada wa mumewe, alikuwa msusi na alikaa mlango wa pili katika ua huohuo. Gari lilimpunguza mguu miaka miwili nyuma. Ulimi lilimwachia wote. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alikuwa akisema mwenyewe, kabla mtu hajapata nafasi ya kumwonea huruma. "Mimi la mkuu nililisikia. Dereva ndiye hakusikia, guu likawa langu."

Daktari aliwatazama wawili hao wameketi mbele yake, akakuna kichwa. "Ua mmoja? Ninyi?"

"Tunaweza," walijibu kwa pamoja, jambo ambalo halikumtia moyo.

"Sikilizeni. Wifi akikwambia, au ukiuona, jina lake linatoka kwenye hesabu. Mguu atabaki nao, hilo msiogope. Lakini tutabaki thelathini na tisa, na hao wa kwenye daftari mtakwenda kuwaeleza ninyi." Mpimaji mwingine aliyefundishwa hakuwapo. Mawifi wakaapa.

Kuapa ni rahisi. Siku ya pili tu, Redio akiosha vyombo uani, sauti ikatoka mlango wa pili.

"Wifi! Nina jambo limenikaa hapa kooni."

"Limeze na maji!"

"Dogo tu."

"Dogo limeze bila maji!"

Kila alipomsikia wifi anakuja, Redio aliingia ndani na kuimba kwa nguvu asije akasikia mlio wowote wa chuma, na sauti yake, Mungu amsamehe, haikuumbwa kwa nyimbo. Kusukwa aliacha. Angewezaje kukaa chini kichwa kikiwa magotini pa wifi, mguu wenyewe shavuni? Akajifunga kitambaa, nywele zikawa kichaka, na majirani wakaamua kwamba mawifi wamegombana. Wakaja wapatanishi wawili kwa nyakati tofauti. Siku moja aliwahi kurudi akakuta soksi ile nene imeanikwa kwenye kamba; akajua kwamba basi mguu uko wazi mahali fulani, akafumba macho hapohapo na kuelekea mlangoni kwa kupapasa, hadi akaingia mguu mzima ndani ya beseni la nguo. Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Mumewe Redio, aliyekuwa anajua kila kitu na haruhusiwi kusema kitu, alinenepa wiki zile.

Wiki ya kumi, balaa. Wifi alikatiza uani, na kabla Redio hajapata wimbo, akasikia: *kwii, kwii, kwii.* Kitu kinachokunjika ndicho kinacholia. Gogo halilii. Basi ni mpya! Na kumbe, alipofikiri vizuri, hata wale wengine aliwajua: mwalimu mstaafu aliyepanda ngazi akitabasamu, mpya, yule dereva aliyenuna, wa zamani. Wote arobaini walijipanga kichwani mwake, kila mmoja na mguu wake.

Kesho yake alisimama mbele ya Daktari, kitambaa kimemkaa upande.

"Daktari, nimejua. Wa wifi na wa wote."

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nimesikia kwii, halafu nikafikiri."

"Usinitajie!" Daktari alinyanyua mikono. "Hujaona wala hujaambiwa, kwa hiyo jina la wifi halitoki. Hata mimi sijui, na majibu yamefungwa kwenye bahasha. Siku ya mwisho kila mpimaji huandika anavyodhani kwa kila mtu. Ukipatia kama nusu, ni kubahatisha, hata anayerusha shilingi hupata nusu. Ukipatia karibu wote, maana yake ulijua, na vipimo vyako vyote vitatiliwa shaka."

"Vyote?"

"Vyote. Miaka mitatu ya kazi, tangu karakana hadi hapa, itakwenda na maji."

Wiki mbili zilizobaki Redio hakutangaza habari hata moja. Mtaa mzima uliingiwa na wasiwasi. Kimya kingi kina mshindo. Alikuwa akifikiria jambo la aibu, nalo ni hili: aandike kinyume. Anapojua ni mpya aandike wa zamani, aonekane mjinga, na kazi ya watu ipone. Nani angegundua? Alikwenda na wazo hilo hadi mezani, akashika kalamu. Lakini hata siku moja hakuwahi kutangaza habari ya uongo, na mkono uligoma. Akapiga moyo konde, akaandika ukweli wake mtu kwa mtu, akatia sahihi, kisha akaenda msalani kulia.

Bahasha ilifunguliwa chumba cha mazoezi, mchana kweupe, wagonjwa wamejaa kwenye viti. Injinia alikuwa anatafuna ukucha wa kidole ambacho hakikuwa na ukucha tena. Karani wa takwimu alianza na karatasi ya Redio, kwa sababu bila hiyo mengine yasingesomwa. Alilinganisha jina kwa jina, akahesabu, akahesabu tena.

"Mpimaji amepatia kumi na tisa," alisema. "Kati ya arobaini."

Daktari, mama asiyejua kupaka maneno mafuta, alipiga kigelegele.

"Ngapi?" Redio alisimama. "Haiwezekani! Hesabu vizuri, baba. Mwalimu mstaafu je?"

"Wa zamani," alijibu mwalimu. "Mimi hutabasamu tu."

"Na huyu dereva?"

"Mpya," alisema dereva, bado amenuna. "Mzuri sana."

"Na wifi yangu? Si nimesikia kwii kwa masikio yangu!"

"Mguu wangu haulii!" Injinia alikuja juu kama aliyetukaniwa mama. "Mara milioni mbili, haujalia hata mara moja!"

"Ni kiatu," alisema wifi. "Miye nina gogo, wifi. Tangu siku ya kwanza."

Redio alikaa. Alitahayari kwanza, usiseme. Mtu aliyejua mambo ya mtaa mzima amekuwa sawa na shilingi iliyorushwa juu. Na hata angeandika kinyume angepata ishirini na moja, ujinga uleule. Halafu furaha ikampanda kutoka miguuni. Hakujua kitu! Sekunde zake zote zilikuwa safi. Karani akasoma yaliyobaki: kwenye korido miguu ililingana, lakini kwenye ngazi wenye mpya waliwaacha wenzao mbali, na waliopewa wa zamani wote wangebadilishiwa. Injinia akalia mbele za watu bila haya, na dereva akamkumbatia.

Watu walipoanza kutoka, wifi alijisogeza kwenye benchi.

"Haya. Sasa ruksa. Uliza."

Redio alikuwa na maswali ya wiki kumi na mbili, ameyapanga. Alipofungua mdomo yakatawanyika, likabaki moja, ambalo kila mtu uani alikuwa ameshamuuliza wifi siku ya kwanza isipokuwa yeye.

"Ulikuwa unakuuma?"

Wifi alitaka kutoa mzaha. Ulianza kuonekana usoni, kisha haukutoka.

"Wiki tatu za mwanzo, sana. Muuguzi aliurekebisha mara mbili, ukatulia. Nilikuwa nakusikia unaimba kule ndani, nasema moyoni, huyu angejua angekuja."

"Ningekuja, wifi."

"Najua. Ndiyo maana nilinyamaza."

Redio alimshika mkono, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa na kujiweka sawa kwenye benchi kama mtu asiye na safari.

"Anza siku ya kwanza," alisema. "Usiruke kitu."

Na wifi akaanza.